Dawa Kabla ya Uloto: Mizani ya Mlalo na ya Visiwani

Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikiza uloto watoto wenye maradhi ya selimundu, uloto unaotolewa kwa ndugu zao wa tumbo moja. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani 2021, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilikwisha kuanza kazi iliyo jamaa na hiyo, ya kuwarudishia wagonjwa wa saratani ya uloto seli zao wenyewe. Hizo ni hatua kubwa kwa nchi ambayo, kwa makisio yanayotumiwa sana, watoto wapatao 11,000 huzaliwa kila mwaka na selimundu. Sifa zimekwisha kutolewa, nasi twaziunga mkono. Leo twapenda kusema juu ya jambo ambalo halipigwi picha wala halihutubiwi: dawa anazopewa mgonjwa katika zile siku chache kabla ya kupandikizwa.

Wengi hudhani kwamba kazi kubwa ni kule kupandikiza kwenyewe. Sivyo. Kupandikiza ni jambo la saa chache tu. Seli za ndugu humiminwa mshipani kama chupa ya damu ya kawaida, na mtoto huenda akalala usingizi zinapoingia. Hatari, gharama na machozi viko kabla na baada. Dawa za matayarisho ndizo zinazoamua, kwa kiasi kikubwa, kama uloto mpya utashika, kama ini litastahimili, kama mtoto atakua na kupata kizazi, na kama familia itakaa mbali na nyumbani kwa miezi mitatu au kwa mwaka. Madaktari wanazo aina kadhaa za dawa hizo za kuchagua, na hazilingani. Uchaguzi huo, ingawa hufanywa na wataalamu, una sehemu yake inayowahusu wananchi na Serikali zao.

Msomaji wetu wa Mkoani au wa Makunduchi asishangae tukimpeleka kwanza Mlalo, juu ya milima ya Usambara. Huko ndiko hoja yetu inakoonekana wazi. Anayesimama Mlalo akitazama upande wa kaskazini huwa juu ya ukingo. Chini yake kuna tambarare za Mng'aro, zenye joto na mashamba ya mpunga. Watafiti waliopima maambukizo ya malaria katika milima hiyo walieleza mwaka 2003 kwamba kutoka tambarare hadi nyanda za juu maambukizo hupungua kwa zaidi ya mara elfu moja. Wazee wa Kishambaa hawakuhitaji hesabu hiyo: tangu zamani walitofautisha Shambaai, nchi yao ya milimani, na nyika, nchi ya homa, na aliyeshuka kwa haja zake alipendelea kulala juu. Naye daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu chembe hiyo imekaa mahali pa mbu: mwambao, visiwani, kandokando ya maziwa makuu.

Kwa hiyo mtu angetazamia selimundu iwe haba Mlalo kuliko Tanga au Pemba. Lakini watu hawakai kimo kimoja kama mbu. Mshambaa hushuka Mng'aro kulima, huenda Korogwe na Tanga kutafuta kazi, huoa na huolewa huko, na hurudi. Mtoto akizaliwa na maradhi haya milimani, taabu yake ni ya namna mbili. Baridi ya Juni na Julai humchokoza maumivu ya mifupa. Na pale maradhi yanapokuwa machache, ndipo hukawia kutambuliwa. Akitambuliwa, na ikionekana anafaa kupandikizwa, njia yake ni kushuka Lushoto, kisha kona za Soni mpaka Mombo, kisha Chalinze, Morogoro na Dodoma. Mtoto wa Pemba hupanda chombo mpaka Unguja, kingine mpaka Dar es Salaam, kisha gari au treni. Wote wawili ni watu wa mwisho wa njia. Nasi twashikilia kwamba umbali huo ni sehemu ya tiba, na hauna budi kuingizwa katika mizani dawa zinapolinganishwa.

Kabla ya seli za ndugu kuingia, mwili wa mgonjwa hutayarishwa kwa makusudi mawili. La kwanza ni kupata nafasi: uloto wa zamani, unaotengeneza damu yenye kasoro, uondoke mifupani, wote au sehemu yake, ili ule mpya upate pa kukaa. La pili ni kuwatuliza askari wa mwili, yaani zile chembe nyeupe zinazopigana na kila kigeni, wasije wakaifukuza mbegu iliyoletwa kuokoa. Katika saratani ya damu kuna kusudi la tatu, nalo ni kuziua seli za saratani zilizosalia. Twamwomba msomaji aishike tofauti hiyo, kwa kuwa hukumu nyingi za makosa juu ya dawa hizi hutokana na kuisahau.

Mkulima wa Mlalo analijua jambo hili kwa mikono yake. Shamba la mteremkoni halipandwi bila ya kutayarishwa. Lakini ukilifyeka na kulichoma hata mzizi wa mwisho, mvua ya kwanza huuteremsha udongo wote bondeni. Mlalo ndiko Waingereza walikoanzia, katika miaka ya 1940, mpango wao wa kuhifadhi ardhi, ambao baadaye waliueneza Usambara. Matuta yakaamriwa, watu wakayapinga, na mwishowe mpango ukaachwa. Twautaja kwa kupita tu, maana maafisa wa nchi yetu nao wamepata kupenda agizo moja kwa kila mteremko.

Dawa kongwe katika kazi hii ni saiklofosfamaidi, nayo si mgeni Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kampala na Nairobi, watoto wenye uvimbe wa taya ulioelezwa na daktari Denis Burkitt walitibiwa kwa dawa hiyo, na baadhi yao wakapona bila ya kisu wala mionzi. Burkitt mwenyewe alikwisha kuonyesha kwamba uvimbe ule ni adimu katika nchi za juu zenye baridi. Saiklofosfamaidi huwatuliza askari wa mwili vizuri mno, ila haitoshi peke yake kuufukuza uloto wa zamani. Ndiyo maana E. Donnall Thomas na wenzake wa Seattle, Marekani, waliiunganisha na mionzi ya mwili mzima. Thomas alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi hiyo ya upandikizaji. Mwaka 1983 George Santos na wenzake wa Baltimore walieleza njia nyingine: badala ya mionzi, waliweka dawa iitwayo busalfani. Tangu hapo mashindano ya kulinganisha hayajakoma.

Majaribio ya kwanza yaliipendelea mionzi. Uchunguzi wa Wafaransa mwaka 1992, na ule wa nchi za Skandinavia mwaka 1994, ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya damu waliopata mionzi walifanikiwa kuliko waliopewa busalfani. Lakini katika mwaka huo huo wa 1994 watu wa Seattle, wakiwatibu wenye saratani ya damu ya aina sugu inayokwenda polepole, waliona njia zote mbili ni sawa, na busalfani ikistahimiliwa vizuri zaidi. Sababu moja ya tofauti hizo imekuja kujulikana baadaye. Busalfani ya siku zile ilikuwa vidonge. Watu wawili wakimeza vidonge sawasawa, damu ya mmoja huweza kupata dawa nyingi kuliko ya mwenziwe. Mmoja huumia ini, na mwingine dawa haimfikii kiasi cha kutosha. Mwaka 1999 busalfani ya kupitishwa mshipani iliruhusiwa Marekani, na hospitali nyingi zikaanza kupima kiasi cha dawa katika damu ya kila mgonjwa na kurekebisha. Uchunguzi wa mwaka 2013 uliowafuata wagonjwa karibu 1,500 wa saratani za damu za jamii ya maieloidi uliikuta busalfani ya mshipani ikiipita mionzi.

Hapa pana funzo kwa afisa wa ununuzi kuliko hata kwa daktari. Jina la dawa ni moja, lakini kidonge, chupa ya mshipani, na chupa ya mshipani yenye kipimo cha damu ni tiba tatu tofauti. Anayeandika katika zabuni neno "busalfani" pekee, akaacha nafasi ya muuzaji kuleta chochote, atakuwa amebadili tiba ya mtoto bila ya daktari kujua.

Mashindano ya pili yalikuwa juu ya nguvu. Je, wagonjwa wazima au dhaifu wapewe matayarisho makali au mapoa? Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 liliwagawa wagonjwa 272 kwa kura. Matayarisho mapoa yaliua wachache kwa sumu yake, asilimia 4.4 dhidi ya 15.8. Lakini baada ya miezi 18 saratani ilikuwa imewarudia asilimia 48.3 ya waliopewa mapoa, na 13.5 tu ya waliopewa makali. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Waitaliano, katika matokeo ya mwaka 2015, waliacha busalfani mahali pake, wakaondoa saiklofosfamaidi na kuweka fludarabini kwa wagonjwa wa umri wa miaka 40 hadi 65. Vifo visivyotokana na kurudi kwa saratani vikashuka katika mwaka wa kwanza kutoka asilimia 17.2 hadi 7.9. Kwa watoto wenye saratani kali ya chembe za limfu, mambo yaligeuka tena: jaribio la mataifa mengi lililochapishwa mwaka 2021 lilikuta waliopata mionzi wakiwa hai asilimia 91 baada ya miaka miwili, na waliopata dawa pekee asilimia 75.

Msomaji atauliza, basi ipi ni bora? Jibu la haki ni kwamba kila moja imeshinda mahali pake. Umri wa mgonjwa, aina ya maradhi, hali ya ini na mapafu, na vifaa vya hospitali ndivyo vinavyoamua. Ndiyo maana twaogopa pale mzungumzaji mwenye cheo anaposema kwamba hospitali zetu zitumie "dawa za kisasa kabisa", kana kwamba usasa ni kipimo cha mwisho.

Na selimundu si saratani. Hakuna seli mbaya ya kuwindwa mpaka ya mwisho. Mtoto wa selimundu hahitaji hata uloto wake wote wa zamani uondoke. Ikiwa sehemu ya kutosha ya uloto wa nduguye imeshika, chembe nyekundu nzima huishi muda mrefu kuliko zile mundu, na damu husafika. Katika saratani, ule ugomvi wa seli za ndugu dhidi ya mwili wa mgonjwa huleta faida fulani, kwa kuwa seli hizo huyashambulia pia mabaki ya saratani. Katika selimundu ugomvi huo hauna faida hata chembe. Ni hasara tupu. Kwa hiyo yule anayenakili matayarisho ya saratani na kumbandika mtoto wa selimundu humtoza mtoto gharama ambayo hakudaiwa.

Hata hivyo, matokeo ya njia kali si ya kubezwa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017, ya wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopandikizwa uloto wa ndugu wanaolingana nao kati ya 1986 na 2013, ilionyesha kwamba asilimia 92.9 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na asilimia 91.4 wakiwa hai bila ya maradhi kurudi. Wengi wao walitayarishwa kwa njia kali, aghalabu busalfani na saiklofosfamaidi pamoja na dawa ya kuwatuliza askari wa mwili. Hesabu hiyo hiyo ilionyesha kwamba kila mwaka wa umri unavyoongezeka, hatari nayo huongezeka. Kwa watu wazima, ambao viungo vyao vimekwisha kuchoshwa na maradhi, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilijaribu njia nyingine isiyo na busalfani: dawa iitwayo alemtuzumabu na mionzi kidogo. Katika taarifa yao ya mwaka 2014, uloto ulishika kwa wagonjwa 26 kati ya 30, na 29 walikuwa hai. Kati ya njia hizo mbili ipo treosalfani, jamaa ya busalfani aliye mpole zaidi kwa ini, ambayo madaktari wengi wa watoto Ulaya wameikimbilia. Tafiti zinaashiria kwamba huviumiza viungo vya uzazi kidogo kuliko busalfani.

Neno hilo la uzazi ndilo tunalotaka lisemwe kwa sauti. Busalfani kwa kipimo kikali huwaharibia wasichana wengi mayai, na wavulana huweza kupoteza mbegu. Mzazi wa Mlalo, au wa Wete, akiletewa karatasi ya kutia saini, aambiwe jambo hilo kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla na si baada. Wapo watakaosema, mradi mtoto aishi. Wapo watakaoomba njia nyingine. Uamuzi ni wao, na heshima yao iko katika kuulizwa. Wala tusijidanganye kwamba dawa mpya za kubadili chembe za urithi, zilizoruhusiwa Marekani Desemba 2023, zimeiondoa shida hii: nazo pia, kabla ya seli zilizotengenezwa kurudishwa, mgonjwa hupitishwa kwanza katika busalfani.

Turudi kwenye umbali. Matayarisho makali humwacha mgonjwa bila ya kinga kwa majuma kadhaa. Vidonda vya kinywa humzuia kula, homa moja huweza kumuua usiku mmoja. Matayarisho mapoa hupunguza hayo, lakini huacha askari wa zamani na wapya wakiishi nyumba moja, na damu lazima ipimwe mara kwa mara kujua nani anashinda. Uloto ukikataliwa miezi sita baadaye, nani ataliona hilo Mlalo? Kwa desturi mgonjwa hukaa karibu na hospitali siku mia moja za kwanza, na dawa za kuzuia ugomvi wa seli huendelea kwa miezi mingi zaidi, zikihitaji kipimo cha damu. Kwa hiyo njia ipoayo hospitalini yaweza kuwa ndiyo njia ngumu nyumbani. Hospitali ya mji mkuu wa Ulaya, ambayo mgonjwa wake hukaa nusu saa tu kwa treni, haioni ugumu huo, na vitabu vyake havikuuandika. Jirani zetu wa Muscat, ambako hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos imepandikiza uloto tangu miaka ya 1990, wana uzoefu wa selimundu katika watu walio damu moja na wengi wa visiwani. Ingefaa madaktari wetu wakae nao kama wanavyokaa na Waitaliano na Wahindi.

Liko na jambo la malaria. Mtoto aliyepandikizwa ana kinga changa kama ya kichanga. Chanjo zote huanzwa upya. Akirudi Mlalo juu, mbu ni wachache. Akishuka na wazazi kuvuna mpunga Mng'aro, ni wengi. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali iandike hilo, na zahanati ya kijiji iijue.

Wala upandikizaji si wa wote. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa, na hao wa mama mbalimbali, ambao nyumba zetu nyingi wanao, nafasi yao ya kulingana kikamilifu ni ndogo sana. Kwa walio wengi tumaini la leo ni kupimwa mara wanapozaliwa, na kidonge cha haidroksiyurea, ambacho uchunguzi uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukachapishwa mwaka 2019, ulikithibitisha kuwa salama na chenye manufaa kwa watoto wa Afrika. Serikali itakayojenga chumba cha upandikizaji Dodoma na kuacha rafu ya haidroksiyurea tupu Lushoto na Chake Chake itakuwa imewahudumia makumi na kuwasahau maelfu.

Basi tunapendekeza kwa wahusika haya. Hospitali zinazopandikiza zitoe taarifa kila mwaka, kwa Kiswahili, zikieleza ni watoto wangapi walitayarishwa kwa njia ipi, wangapi wako hai, uloto ulishika kwa wangapi, na wangapi walipotea wasirudi kupimwa. Bila ya majina, lakini kwa wilaya, ili tujue kama mtu wa mwisho wa njia anafaulu sawa na mtu wa mjini. Bohari ya Dawa ihakikishe kwamba dawa za matayarisho na zile za miezi inayofuata hazianzi kutumika kwa mgonjwa yeyote kabla kipimo chake chote hakijawa mkononi, kwa kuwa matayarisho yakikatika katikati hayarudishwi nyuma: uloto wa zamani umekwisha kuuawa, na mpya haujaja. Hospitali ya Wilaya ya Lushoto, na ile ya Abdulla Mzee, Mkoani, zipewe mtu mmoja aliyefundishwa kuwafuatilia waliorudi, na namna ya kupeleka damu kupimwa bila ya mtoto kusafiri nayo.

Na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, wizara mbili hizi, pamoja na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar na mwenziwe wa Bara, zikubaliane ni nani atakayelipa nauli na malazi ya mama wa Pemba na mama wa Mlalo katika siku mia moja hizo. Makubaliano hayo yaandikwe na yafike hospitalini kabla chupa ya kwanza ya dawa haijafunguliwa.